Mnana na Yai Lisilo Lake

Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne, ametuletea suala ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tulidhani lingejibika kwa sentensi mbili. Nyuma ya nyumba yao pana mnazi uliosheheni viota vya mnana, na asubuhi wanawe huokota chini yake mayai madogo yaliyopasuka, ukubwa wake kadiri ya zambarau. Siku moja la buluu, siku nyingine jeupe lenye madoa ya hudhurungi. Upepo haukuvuma, kunguru hakuonekana, wala hakuna mtoto aliyerusha jiwe. Auliza: ni nani ayatupaye mayai hayo?

Majibu ni zaidi ya moja, kwani viota hukatika, na wezi wa mayai ni wengi. Lakini liko jibu moja lililotufanya tuiweke kando mada tuliyokuwa tumeiandaa kwa wiki hii. Yumkini anayeyatupa ni mama mwenyewe. Ameingia kiotani, ametazama, ameona yai ambalo si lake, akalikamata kwa mdomo na kulitoa nje.

Kwanza tumjue mwenye nyumba. Mnana dume ndiye msusi wa kiota. Hukisuka kwa nyasi na kwa nyuzi anazozichana katika majani ya mnazi, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa ili jike aje akikague. Jike akikiridhia, hukitandika ndani kwa nyasi laini na manyoya, akataga mayai mawili au matatu, na akayaatamia peke yake muda wa takriban siku 12. Mnazi mmoja huwa na viota kadhaa wa kadhaa, mlango kwa mlango, kama mitaa yetu ya kale ambayo jirani akikohoa wasikia.

Katika mtaa huo huingia mgeni asiyebisha hodi. Ni ndege wa jamii ya kekeo, mdogo, mgongo wake wa kijani king'aacho kama shaba iliyosuguliwa, na dume ana macho mekundu. Jina lake la Diederik limetokana na mlio wake, nao husikika zaidi wakati wa mvua, ndege wengi wanapolea. Tusimchanganye na dudumizi, ambaye wazee wetu walisikiliza sauti yake kubashiri mvua. Dudumizi ni wa ukoo huo huo wa kekeo, lakini yeye hujenga kiota chake na kulea wanawe mwenyewe. Tusimtie katika kesi isiyomhusu.

Kekeo huyu hajengi wala haatamii. Jike huvizia, na mnana akitoka kidogo, huingia, akataga yai moja haraka, na aghalabu akaondoka na yai moja la mwenyeji ili hesabu isizidi. Lau mnana angetegemea kuhesabu, angekuwa ameshapotea. Yai la kekeo hutangulia kuanguliwa, na kinda lile, likiwa bado kipofu na halina unyoya, huyabeba mayai ya mwenyeji mgongoni moja baada ya jingine na kuyasukuma nje. Jambo hili la kinda kutupa wenziwe liliandikwa kwa ushahidi wa macho mwaka 1788, kwa kekeo wa Ulaya, na Edward Jenner, naye ni yule yule daktari Mwingereza ambaye baadaye alianzisha chanjo ya ndui. Alibainisha hata kibonde kilichomo mgongoni mwa kinda, ambacho yai hukaa humo lisiteleze. Watu wa zama zake hawakumsadiki, na wengine walimcheka. Sasa ni jambo lisilo na shaka.

Hapo msomaji ataona uzito wa lile jicho la mama juu ya yai. Akilikosa yai la kekeo, msimu wake wote umekwenda: hapati hata mwana mmoja, na wiki kadhaa atahangaika kumlisha aliyewaua.

Tusimame hapa kidogo. Tumesikia watu wakilichukua kinda la kekeo kuwa mfano wa mtoto wa kulelewa, wakimtisha mwanamke aliyechukua yatima au mtoto wa mke mwenza, eti atakuja kuwatoa wanawe nyumbani. Mfano huo ni batili toka mwanzo wake. Yatima hakupenyezwa ndani kwa hila. Amepokewa kwa kujua na kwa ridhaa, na wala hajamsukuma mtu. Mnana hana habari ya kupokea wala kukataa yatima. Yeye amedanganywa, basi. Mwenye kutaka kumsema mlezi atafute hoja nyingine, wala hataipata.

Turudi kwenye yai. Mtu angetarajia kwamba ndege wa jinsi moja hutaga mayai ya sura moja, kama kuku wetu wa kienyeji ambao mayai yao hatuwezi kuyatenga. Mnana sivyo. Jike mmoja hutaga mayai meupe yasiyo na doa. Jirani yake hutaga ya buluu, wa tatu ya kijani yenye nukta nyingi, wa nne ya buluu yenye nukta chache. Na la ajabu zaidi ni kwamba kila jike hushikamana na sura yake. Nicholas na Elsie Collias, mume na mke waliowafuga minana kwa miaka mingi huko Los Angeles, Marekani, waliona kwamba mayai ya jike mmoja hufanana, na kwamba sura hiyo huendelea naye msimu baada ya msimu katika maisha yake.

Dada zetu watalielewa hili upesi kuliko wataalamu. Fikirini harusi iliyojaa, na mabuibui meusi yamerundikwa kitandani katika chumba kimoja. Wakati wa kuondoka, ni vuta nikuvute. Na mtu akiamua kuongeza buibui lake humo au kuondoka na la mwenziwe, nani atajua? Lakini leso zikianikwa kwenye kamba ya uani, hata ziwe za nyumba tano, kila mmoja huiendea yake bila kuuliza, maana kila leso ina mji wake, pindo lake na jina lake. Mayai ya mnana ni leso, si mabuibui. Kekeo akitaga yai la buluu katika kiota cha mwenye mayai meupe, amejifichua mwenyewe.

Na ni lazima mambo mawili yakutane ili hila hii ya mama ifae. Majirani watofautiane wao kwa wao, na kila mmoja awe thabiti katika yake. Kukosekana moja katika mawili hayo, lililobaki halisaidii kitu. Mwenye leso za kila namna ndani ya sanduku moja naye hawezi kuapa ipi ni yake.

Lakini anajuaje? Je, huyatazama mayai yaliyo mbele yake, akamtoa yule asiyefanana na wenziwe? Au anayo sura ya yai lake moyoni, na kila aonalo hulipima kwa sura hiyo? Suala hili si la kupitwa upesi, kwa kuwa katika njia ya kwanza mna hatari kubwa. Katika miaka ya 1920, Mjerumani Bernhard Rensch aliyatoa mayai matatu ya mwanzo ya ndege mdogo wa bustanini, akaweka ya ndege wa jinsi nyingine. Mama yule alipotaga yai lake la nne, likawa ndilo pekee lisilofanana na mengine, akalitupa. Alilitupa lake! Walio wengi walikuwa wageni, naye akauhukumu wingi kuwa ndio haki. Nusu karne baadaye, Stephen Rothstein wa Marekani alilifanya jaribio kama hilo kwa ndege wa huko, na akakuta kwamba wako ambao hawahadaiki kwa wingi. Hata yai lao likibaki moja katikati ya mageni, hulijua, na hutupa yale mengine.

Mnana ni katika hawa wa pili. Hana haja ya kuwa na yai lake mbele yake ili alijue la mwenziwe. Watafiti walipopachika mayai ya majike wengine viotani mwake, yale yaliyokaribiana na lake kwa rangi na kwa madoa mara nyingi aliyaacha, na kadiri tofauti ilivyozidi, ndivyo alivyozidi kuyatupa. Kuna mpaka wa shaka, kwa hiyo, na ndani ya mpaka huo mama huvumilia. Nasi twaona busara iliyomo. Kadhi mwenye pupa humfunga asiye na hatia, na kadhi mlegevu humwacha mwizi. Mnana atupaye kila yai lenye kasoro ndogo atatupa na lake siku moja, kwani hata mayai yake hayakutoka katika kalibu moja.

Kuna jambo jingine, nalo limechunguzwa hapa Kenya. Kwenye ziwa Baringo, mtafiti Wendy Jackson aliwafuatilia ndege wa jamii ya mnana, wa jinsi nyingine, na akaona kwamba anayeongoza kwa kupachika mayai si kekeo. Ni jirani! Mnana jike hupenya kiotani mwa mnana mwenziwe, akamwachia yai lake alee. Basi jicho la mama halikunolewa na mgeni wa msituni peke yake. Limenolewa pia na wa mlango wa pili. Wakaao mitaa ya kubanana hawatashangaa sana.

Kisa hiki kina nduguye huko Zambia, na huko mambo yamechimbuliwa kwa kina zaidi. Karibu na mji wa Choma, kuna kijindege chembamba cha kahawia chenye mkia mrefu ambacho hata pwani yetu kimo vichakani. Wataalamu humwita prinia. Mayai yake ni mazuri ajabu: mekundu, ya buluu, meupe, mengine ya kijani cha zeituni, na juu yake mna madoa na mistari kama iliyochorwa kwa kalamu ya hina. Adui wake huko si kekeo, bali ni ndege mdogo wa manjano ambaye kwa umbo waweza kumdhania shomoro. Huyu naye hutaga mayai ya kughushi: mekundu, ya buluu na meupe, yenye madoa.

Mtaalamu Claire Spottiswoode amefanya kazi Choma kwa miaka mingi pamoja na wenyeji wa hapo, ambao ndio wavitafutao viota katika nyasi. Mwaka 2010, yeye na Martin Stevens walieleza mama huyu huangalia nini hasa. Ilibidi wapige hesabu za jicho la ndege, kwani ndege huona nuru ambayo sisi hatuioni, na mayai tuyaonayo sawa huenda kwake si sawa hata kidogo. Wakakuta kwamba prinia haamui kwa alama moja. Hutazama rangi, hutazama ukubwa wa madoa na jinsi yalivyotawanyika, na alama anazozitegemea ndizo zile zile ambazo mghushi bado hajaziweza vizuri. Ni kama karani wa benki ambaye haangalii jina lililoandikwa, huangalia ule mkunjo wa mwisho wa sahihi.

Mghushi naye hakulala. Mwaka 2013 watafiti hao walionyesha kwamba ndege yule wa manjano hukirudia kiota kile kile, akaongeza yai la pili au zaidi. Mageni yakizidi, mama huchanganyikiwa, na uwezekano wa kuyatupa hupungua. Hapa tunamkumbuka yule wa Rensch: kumbe hata mwenye kukumbuka yai lake hasalimiki kabisa na nguvu ya wingi.

Mashindano haya huenda upesi kuliko tunavyodhani. Mwingereza mmoja aliyekuwa mkulima Choma, John Colebrook-Robjent, alikusanya mayai ya ndege kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 2008. Mkusanyo wake ulipolinganishwa na mayai ya siku hizi, ilionekana kwamba ndani ya miaka 40 tu sura za mayai ya prinia zilikuwa zimebadilika, na za mghushi zikifuata nyuma. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulifichua udhaifu wa mghushi: sura ya yai lake hurithiwa kwa upande wa mama peke yake. Binti hutaga kama mama yake, na mama kama bibi. Sisi twahesabu nasaba kwa baba. Ndege huyu, katika jambo la yai, baba hana neno. Prinia hurithi kwa pande zote mbili, kwa hivyo huweza kuchanganya rangi na kupata sura mpya. Ndiyo maana lile yai la kijani cha zeituni mghushi hajaliweza.

Je, mghushi akiondoka kabisa, mama atabaki na uangalifu wake? Kwa hilo turudi kwa mnana wetu. Mnana ameshasafirishwa baharini na wanadamu. Alipelekwa kisiwa cha Morisi kutoka Afrika Kusini zaidi ya miaka 100 iliyopita, na zaidi ya miaka 200 iliyopita alipelekwa kutoka Afrika Magharibi hadi Hispaniola, kile kisiwa chenye Haiti na Jamhuri ya Dominika. Visiwani humo hakumkuta kekeo wa kuiga mayai yake. David Lahti aliyalinganisha mayai ya visiwani na ya bara, na mwaka 2005 akaeleza aliyoyaona. Majirani wa visiwani wamekaribiana zaidi kwa sura za mayai, na jike mmoja mmoja amepoteza uthabiti wake. Mayai ya kiota kimoja hayafanani kama ya bara. Leso zimeanza kuwa mabuibui.

Ikafuata kwamba minana wa huko hawatupi mayai mageni kama wa bara, na baadhi ya watu wakasema wamesahau. Lahti alipochunguza zaidi alikuta kwamba hawakusahau. Ukilinganisha yai geni na mayai ya kiota, tofauti ikiwa kubwa, mama wa kisiwani naye hulitupa. Jicho lipo, kilicholegea ni sahihi. Na hilo halikosi maana, kwa sababu katika miaka ya 1970 ndege mwingine mpachika mayai alifika Hispaniola kutoka visiwa vya jirani.

Limebaki fumbo moja, nalo ndilo linalowakera zaidi wasikilizaji tunapokizungumza kisa hiki barazani. Mama awezaye kutofautisha nukta na nukta juu ya yai, vipi asilione kinda la kekeo, ambalo halina hata chembe ya sura ya wanawe, na humlisha mpaka linamzidi yeye mwenyewe kimo?

Jibu lililotuingia akilini zaidi ni la Arnon Lotem, aliyewachunguza ndege wa matete huko Japani. Aliona kwamba mama wa mara ya kwanza huvumilia mayai mengi, kwa kuwa bado anajifunza. Huyatazama aliyoyataga na kuyaweka moyoni. Hata kama kekeo amemtilia moja, yake yapo pia, na atayajua. Kwa kinda hali ni nyingine. Kinda la kekeo hubaki peke yake kiotani. Mama ambaye uzazi wake wa kwanza ulivamiwa, lau angejifunza kuwajua wana kwa kutazama, angejifunza sura ya kekeo kuwa ndiyo sura ya mwana, na baadaye wanawe wa kweli angewaona wageni akawakataa maisha yake yote. Kutojifunza kuna hasara. Kujifunza vibaya kuna hasara kubwa kuliko hiyo.

Hata hivyo, wako waliopata njia. Australia kuna kijindege ambaye dume lake lina rangi ya buluu ing'aayo, naye huwahi kulitelekeza kinda la kekeo, akajenga upya. Mwaka 2012 ilielezwa moja katika njia zake. Jike, katika siku za mwisho za kuatamia, huyaimbia mayai yake wimbo mfupi, mara nyingi kwa saa, kila mama na wimbo wake. Kinda likitoka, humwomba chakula kwa sauti iliyo na kipande cha wimbo ule. Kekeo hutangulia kuanguliwa, hakuwahi kusikia ya kutosha, na mlio wake haulingani na wimbo wa mama. Na jike humsikilizisha dume pia, ili anaporudi na mdudu mdomoni ajue ni nani wa kulishwa.

Wiki ijayo, inshallah, tutarudi kwenye mada tuliyoiahirisha, ya mirathi ya mama aliyeacha duka na watoto wa ndoa mbili.